Maziwa ya Mama na Haki ya Muda

Mazungumzo na viongozi wa walei, wanakamati wa jumuiya na wazazi wa Buigiri



Tumekutana kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa desturi huachiwa kliniki na wakunga: namna mama anavyoweza kukamua maziwa yake, na namna ya kuunganisha kunyonyesha na kumlisha mtoto kwa njia nyingine wakati mama yuko mbali naye. Huenda wapo wanaojiuliza moyoni: Tume ya Haki na Amani inahusikaje na maziwa ya mama? Tumezoea kuisikia ikisema juu ya ardhi, mirathi ya wajane na uchaguzi. Imekuwaje leo imeingia chumbani kwa mzazi?

Jibu letu ni hili. Mtoto mchanga akiachishwa ziwa kabla ya wakati, watu husema haraka kwamba mama yake hana maziwa. Tukichunguza kwa makini, mara nyingi twaona kwamba maziwa alikuwa nayo. Alichokosa ni muda wa kunyonyesha, au mahali pa kukamua, au mtu wa kumpokea mzigo wa kazi. Muda wa mama hugawanywa na watu: mwajiri, mume, mama mkwe, hata sisi viongozi tunaopanga ratiba za mikutano. Na kila kigawanywacho na watu chaweza kugawanywa kwa haki au kwa dhuluma. Kwa sababu hiyo jambo hili ni letu.

1. PENGO LA SIKU TISINI NA SITA

Shirika la Afya Duniani linashauri, na nchi yetu imelipokea shauri hilo, kwamba mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apate na yale maziwa ya kwanza ya manjano yaitwayo dang'a. Kwa miezi 6 ya kwanza apewe maziwa ya mama pekee, hata maji asipewe, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Baada ya hapo aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya mpaka afikishe miaka 2 au zaidi.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 64 katika kila 100 walio chini ya miezi 6 walikuwa wakipewa maziwa ya mama pekee. Ni hatua nzuri. Lakini 36 waliobaki walikuwa wameanza kupewa maji, uji, maziwa ya ng'ombe au maziwa ya kopo. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mama mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Hii ni haki kubwa, wala tusiidharau. Ila tupige hesabu. Miezi 6 ni takriban siku 180. Toa 84, zinabaki 96. Tena likizo yaweza kuanza wiki 4 kabla ya tarehe ya kujifungua inayotazamiwa, hivyo kwa wengine pengo huwa kubwa zaidi. Katika siku hizo mtoto bado anahitaji maziwa ya mama pekee, na mama ameshaitwa kazini.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, pengo hilo limekuja mpaka mlangoni petu. Wako binti zetu wa Buigiri na Chamwino wanaopanda gari alfajiri kwenda kufanya kazi Mtumba au Dodoma mjini, wakarudi jua limezama. Wengine ni makarani, wengine wapishi wa mama lishe, wengine wafanyakazi wa nyumbani. Mama wa namna hii hawezi kukimbia nyumbani saa nne asubuhi akanyonyesha na kurudi. Kwake yeye, kukamua ndilo daraja la kuvuka pengo.

2. ZIWA HUFUATA MAHITAJI

Ili tusimlaumu mtu bure, yatupasa kuelewa jinsi maziwa yanavyopatikana. Ziwa halifanani na debe lililojazwa mara moja, likiisha limeisha. Lafanana zaidi na kisima cha mchangani mtoni wakati wa kiangazi: ukichota, maji huja, ukiacha kuchota, mchanga hufukia. Kila mtoto anyonyapo, au mama akamuapo, mwili hupata taarifa kwamba maziwa yanahitajika, nao hutengeneza mengine. Maziwa yakikaa bila kutolewa, mwili huelewa kwamba hayatakiwi, nao hupunguza.

Hapo ndipo hatari ya kuchanganya bila mpango inapoanzia. Mtoto akipewa chupa ya maziwa ya kopo mchana, jioni hunyonya kidogo kwa sababu ameshiba. Kwa kuwa amenyonya kidogo, kesho maziwa ya mama hupungua. Yakipungua, chupa huongezwa. Baada ya majuma machache mama huambiwa kwamba amekaukiwa, naye huamini. Kumbe alikaushwa na utaratibu.

Basi mama anayeacha mtoto nyumbani akamue mara nyingi kama mtoto ambavyo angenyonya, yaani takriban kila baada ya muda wa saa 3. Akiwa nyumbani anyonyeshe kila mtoto atakapo, hasa usiku, kwa kuwa usiku kunyonyesha huuchochea mwili zaidi kutengeneza maziwa. Mama wa mtoto njiti ambaye bado hawezi kunyonya aanze kukamua mapema, ndani ya saa chache baada ya kujifungua, na akamue angalau mara 8 kwa siku, mchana na usiku.

3. NAMNA YA KUKAMUA KWA MKONO

Ziko pampu za kukamulia madukani, na mwenye nazo azitumie kwa usafi. Lakini mkono wa mama hauna bei, hauhitaji umeme, na ni rahisi kuusafisha. Utaratibu ni huu:

Kwanza, mama anawe mikono kwa sabuni na maji safi. Achukue kikombe au bakuli lenye mdomo mpana, lililooshwa na kuchemshwa.

Pili, aketi mahali pa faragha na utulivu. Ayakande maziwa polepole, au aweke kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Kumfikiria mtoto, au kushika nguo yake, husaidia maziwa kushuka.

Tatu, aweke kidole gumba juu ya ziwa na kidole cha shahada chini yake, penye ukingo wa ile sehemu nyeusi, mbali kidogo na chuchu. Vidole vingine vilishikilie ziwa.

Nne, asukume kuelekea kifuani, kisha abane vidole viwili kwa pamoja, kisha aachie. Abane na kuachia, abane na kuachia. Mwanzoni huenda pasitoke kitu. Asikate tamaa. Asiivute chuchu, wala asiteleze vidole juu ya ngozi. Akiona maumivu, namna anayotumia ina kasoro, atafute msaada kliniki.

Tano, akamue upande mmoja kwa dakika 3 hadi 5 mpaka mtiririko upungue, ahamie upande wa pili, kisha arudie pande zote mbili. Kazi yote yaweza kuchukua dakika 20 hadi 30.

Siku za kwanza huenda akapata vijiko vichache tu. Haba na haba hujaza kibaba. Ni vema aanze mazoezi majuma mawili kabla ya kurudi kazini, asingoje usiku wa mwisho.

4. KUHIFADHI MAZIWA KATIKA JOTO LETU

Maziwa yaliyokamuliwa yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko. Katika joto la kawaida la nyumba, lisilozidi nyuzi 25, yanakaa kwa muda wa saa 4 bila wasiwasi. Sisi wa nyanda hizi twajua kwamba mchana wa mwezi Oktoba au Novemba, chini ya bati, joto hupita kiwango hicho. Hapo muda upunguzwe, na chombo kiwekwe mahali penye baridi kuliko pote nyumbani. Katika friji yanakaa mpaka siku 4. Ndani ya sanduku lenye barafu, kama yale ya wauza vinywaji baridi, yanafika muda wa saa 24.

Tuseme ukweli: mama aondokaye alfajiri bila friji wala barafu, maziwa aliyoyaacha yatamfikisha mtoto asubuhi tu. Nyumba zenye friji hapa kwetu ni chache, ila zipo. Jirani mwenye friji akitoa nafasi ya kikombe kimoja kilichofunikwa, atakuwa ametoa sadaka ambayo haimgharimu chochote. Hali kadhalika barafu ya dukani ni ya bei ndogo kuliko kopo la maziwa.

Wakati wa kumpa mtoto, chombo kiwekwe ndani ya bakuli la maji ya moto mpaka maziwa yawe ya vuguvugu. Yasichemshwe motoni. Yaliyokamuliwa kwanza yatumike kwanza. Na yale ambayo mtoto ameyabakiza katika kikombe yasihifadhiwe kwa ajili ya mlo ujao.

5. KIKOMBE NI BORA KULIKO CHUPA

Wengi hudhani kwamba maziwa yaliyokamuliwa sharti yatiwe katika chupa ya kunyonyeshea. Si lazima. Kikombe kidogo kilicho wazi kinatosha, hata kwa mtoto mchanga, hata kwa njiti aliyeanza kumeza. Mtoto apakatwe akiwa ameinuka, ukingo wa kikombe uguse mdomo wake wa chini, maziwa yafike mdomoni, naye atalamba au kufyonza mwenyewe. Asimiminiwe. Akitosheka atafumba mdomo.

Sababu za kupendelea kikombe ni mbili. Ya kwanza ni usafi. Chupa ina kona, na chuchu yake ya mpira ina tundu dogo ambamo maziwa huganda na kuoza. Kuisafisha kunataka brashi, sabuni, maji mengi na kuichemsha kila mara. Pale ambapo ndoo ya maji hutafutwa kwa miguu, tutamlaumuje bibi aliyeisuuza chupa kwa maji kidogo? Ya pili ni kwamba mtoto hunyonya chupa kwa namna nyingine kuliko anyonyavyo ziwa. Wako wanaozoea chupa kisha wakalikataa ziwa la mama jioni.

Hapa tumtaje bibi kwa heshima. Yeye ndiye abakiye na mjukuu. Afundishwe pamoja na mama, siku ileile, na kikombe mkononi. Tukimfundisha mama peke yake, tumefundisha nusu ya nyumba.

6. INAPOBIDI KUCHANGANYA

Kuna nyakati ambapo maziwa ya mama hayatoshi au hayapatikani: mama ni mgonjwa sana, au amefariki, au amesaidiwa kwa kila njia na mtoto bado haongezeki uzito. Tusimtie mama huyo aibu. Aende kliniki ashauriwe, na akichanganya achanganye kwa utaratibu.

Mtoto anyonye kwanza, ndipo aongezewe. Maziwa ya kopo yapimwe kama lebo inavyoelekeza. Anayepunguza unga ili kopo lidumu humlisha mtoto maji meupe, naye hukonda huku tumbo limejaa. Maji yachemshwe, yasipoe zaidi ya nusu saa kabla ya kutiwa unga, kisha maziwa yapozwe mpaka yafae kunywewa. Yasiponyweka ndani ya muda wa saa 2, yamwagwe. Maziwa ya ng'ombe au mbuzi hayamfai mtoto wa chini ya miezi 6, hata zizi likiwa uani. Uji mwembamba wa uwele nao haufai kwa umri huo. Baada ya miezi 6 ndipo uji mzito ulioboreshwa unaposaidia saa za mchana, na ziwa likaendelea asubuhi, jioni na usiku.

Neno moja juu ya mama anayeishi na virusi vya UKIMWI. Uchunguzi uliofanywa Durban, Afrika ya Kusini, na kutangazwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba watoto waliochanganyiwa vyakula waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya maziwa ya mama pekee. Leo dawa zimebadili mengi. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mama anayetumia dawa zake barabara anyonyeshe kwa miezi 12 angalau, na anaweza kuendelea mpaka miezi 24 au zaidi. Asiache dawa, asiache kliniki, na asichanganye katika miezi 6 ya kwanza bila ushauri. Wala jumuiya isimnyoshee kidole kwa namna anavyomlisha mtoto wake.

7. KOPO NA BIASHARA YAKE

Mtoto asiyenyonya kabisa huhitaji takriban kilo 20 za unga wa maziwa kwa miezi 6, yaani makopo 40 ya gramu 500. Kila mmoja wetu aulize bei ya kopo moja dukani, azidishe kwa 40, kisha alinganishe na mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani. Hesabu hiyo yahubiri yenyewe.

Mwaka 1974 Mwingereza Mike Muller aliandika kijitabu kilichochapishwa na shirika la War on Want, akieleza jinsi makampuni yalivyokuwa yakiuza maziwa ya unga katika nchi maskini, mahali pasipo maji safi. Mwaka 1976 Masista wa Damu Azizi, huko Marekani, waliokuwa na hisa katika kampuni ya Bristol-Myers, waliifikisha mahakamani juu ya taarifa zake kuhusu biashara hiyo. Shauri likaisha kwa mapatano mwaka 1978. Mwaka 1977 Wamarekani walianza kususia bidhaa za Nestlé. Tarehe 21 Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa haya kwa umma na ugawaji wa sampuli za bure kwa akina mama. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994, ikazitunga upya mwaka 2013.

Tunalitaja hilo ili tuone kwamba walei na watawa wa kawaida, wasio na cheo serikalini, waliwahi kusimama mbele ya makampuni makubwa kwa ajili ya watoto wa wengine. Kusimama mbele ya mwajiri mmoja wa hapa kwetu hakupaswi kutushinda.

8. HAKI INAYODAIWA

Kwa mwajiri. Sheria ileile ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumlisha mtoto wakati wa kazi, kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Inasema kunyonyesha, kukamua haikukutaja. Kwa hiyo mama anayeishi mbali akae na mwajiri wapatane: ama achelewe kuingia na kuwahi kutoka, ama apewe vipindi vya kukamua na chumba chenye mlango ufungwao. Choo si mahali pa kuandalia chakula cha mtoto. Jirani zetu wa Kenya, kwa Sheria ya Afya ya mwaka 2017, wamewaagiza waajiri kutenga vyumba vya kunyonyeshea. Hakuna sababu sisi tungoje kuagizwa.

Sheria hii haikumtenga mfanyakazi wa nyumbani. Binti abebaye mtoto wa tajiri yake mgongoni huku wa kwake amebaki Buigiri akinywa maji ya sukari, naye ni mfanyakazi, naye ni mama. Wako miongoni mwetu, waamini wenzetu, walioajiri mabinti wa namna hiyo. Tuanzie hapo. Binti Farao, alipomwokota Musa mtoni, alimlipa ujira mwanamke wa Kiebrania ili amnyonyeshe. Na mwanamke huyo alikuwa mama yake Musa mwenyewe. Mtoto alipona kwa sababu mama yake alilipwa bila kutenganishwa naye.

Kwa nyumba zetu. Mama mkulima hana mwajiri wala likizo. Masika yakianza, mtama na karanga zinamngoja, na shamba liko mbali. Sheria yake ni mume wake na ukoo wake. Baba anayekwenda kuchota maji kwa baiskeli, anayetengeneza kivuli shambani ili mtoto aletwe, anayekubali mkewe apumzike nusu saa kukamua, huyo analisha mtoto kama anavyolisha mama.

Kwa jumuiya. Mikutano yetu isimlazimu mzazi kuchagua kati ya mtoto na wajibu wake. Mama anyonyeshaye kanisani asikodolewe macho. Kila jumuiya imteue mama mmoja aliyepata mafunzo kliniki, awatembelee wazazi wapya kabla likizo haijaisha.

Wapendwa, tumesema mengi, lakini jambo ni moja. Maziwa Mungu ameyatoa bila ubaguzi, kwa karani na kwa mpishi, kwa mwenye gari na kwa atembeaye. Muda wa kuyatoa ndio tumeachiwa sisi tuugawe. Tuugawe kwa haki.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu, ni akina mama wangapi waliorudi kazini au shambani kabla mtoto hajatimiza miezi 6? Nani anabaki na watoto hao, na anawalisha nini?

2. Je, miongoni mwetu kuna aliyeajiri mama anayenyonyesha? Saa 2 za kisheria anazipata kwa namna gani?

3. Ni nyumba zipi zenye friji zilizo tayari kuhifadhi maziwa ya mtoto wa jirani?

4. Akina baba wajibu wenyewe: ni kazi gani moja ambayo kila mmoja ataichukua kuanzia juma hili, ili mama apate muda?